Spika ya Kushoto ni ya Kanisa

Walisema sitaweza kumchezesha hata mlevi. Hayo yalisemwa mbele ya mashine ya mawese ya mjomba wangu, hapa Rumonge, na yalisemwa nikiwa nimesimama palepale, maana watu wa kwetu hawaoni raha ya kumsengenya mtu asiyesikia. Mmoja alisema mlevi hucheza hata bila muziki, kwa hiyo mimi nikifika na vyombo vyangu ndipo ataketi. Mwingine alisema nitapiga wimbo mmoja, umeme utakatika, na nitatumia miaka yote iliyobaki kuwaeleza watu kwamba kosa lilikuwa la umeme. Mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenipokea niliporudi nchini. Yeye hakucheka. Alifuta mafuta mikononi, akasema, "Huyu ni rapatriye. Warapatriye wote wanarudi na karatasi. Ngojeni karatasi iishe."

Karatasi aliyoitaja ni diploma yangu ya ufundi umeme. Niliipata Kigoma nikitokea kambi ya wakimbizi, nikiwa mmoja wa wachache waliomaliza masomo wakiwa bado na viatu. Naitaja mapema kwa sababu vijana wengi huniuliza siri ya kuwa di-jei, nao hutegemea niwatajie aina ya spika. Siri ya kwanza ni elimu. Ya pili ni kutosikiliza watu wanaokamua mawese.

Niliporudi nilikuwa na kompyuta isiyo na herufi mbili, headphone yenye sikio moja zima, na miksa ndogo ambayo kitufe chake cha sauti kilikwama kila kilipofika katikati, kama punda kwenye daraja. Mwanafunzi wa kazi hii asidharau vyombo vya namna hiyo. Sikio moja linatosha, kwa kuwa la pili unalihitaji kusikiliza watu wanakusema nini. Na kitufe kinachokwama kinakufundisha kupanga mambo mapema. Nilichokosa kilikuwa spika, waya mrefu na nguvu ya kuviendesha, yaani karibu kila kitu kinachotoa sauti.

Umeme wetu mnaujua. Jenereta zilikuwapo mjini, lakini mafuta ya kuzinywesha yalikuwa hayapatikani, na mtu aliyepata kidogo aliyaficha chini ya kitanda. Kwa hiyo niliamua kuazima. Hapa ndipo mgeni wa mwambao huu anahitaji maelezo: kwetu kitu cha kuazima hakitembei peke yake. Ukiazima sufuria, mwenye sufuria anakuja nayo, anakaa jikoni hadi chakula kiive, anakula, anaondoka nayo. Kambini tuliishi kwa kugawiwa, hatukuujua utaratibu huu. Nilijifunza haraka.

Wa kwanza alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, muuza unga sokoni. Alikuwa na ralonji ndefu kuliko zote mtaani, waya wa kuunganishia umeme ambao marehemu mumewe aliununua akitarajia kujenga ghorofa. "Nitakupa," alisema, "lakini pale inapoungana na waya mwingine nitakaa mwenyewe. Ilishaungua mara moja. Haitaungua tena nikiwa hai." Nilimweleza, kama mtu mwenye diploma, kwamba kiungio hakihitaji mtu wa kukishika. Akanijibu kwamba hata mimi nilipokuwa mchanga walisema sihitaji kushikwa, nikaanguka.

Wa pili alikuwa mzee wa kanisa la shangazi, mtunza vyombo vya kwaya. Alinionyesha spika kubwa nyeusi iliyofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Mwanangu, hii spika imeokoka," alisema. "Haijapitisha wimbo wa dunia tangu inunuliwe. Ukipitisha hata mmoja nitajua. Nitakuwa nimekaa hapo pembeni yake."

Spika moja ni nusu ya kazi. Kwa ya pili nilimfuata mama mmoja Mkongo, mtu wa Uvira, mwenye baa karibu na ufuo. Alinisikiliza huku akipanga chupa, kisha akasema, "Nimesikia kanisa wamekupa yao. Vizuri. Lakini yangu haijazoea kuomba. Ukiipigia mapambio itapasuka. Hiyo ni ya rumba, na kila saa uwaambie watu bia baridi iko wapi. Nami nitakuwa karibu nisikie kama unasema vizuri."

Wa mwisho alikuwa kapiteni wa mitumbwi ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wavuvi wetu siku hizi huvua kwa taa za betri, na betri ya huyu kapiteni ilikuwa kubwa kama mbuzi aliyelala. Pamoja nayo alikuwa na inveta, kile kisanduku kinachogeuza nguvu ya betri iwe umeme wa nyumbani. Alinipa masharti yake akishona wavu, bila kuinua macho. "Mwezi ukiwa mkubwa, taa zetu hazina kazi, ndagala hawaji. Chukua. Giza likirudi, betri inarudi mtumbwini kabla jua kuzama. Na nitaikalia."

"Utakaa karibu nayo?"

"Nimesema nitaikalia. Juu yake."

Hivyo ndivyo nilivyojijenga mwenyewe, kwa mikono yangu.

Kazi ndogondogo zilianza. Huko Magara, kwenye sherehe ya kumaliza matanga, nilijifunza somo la kwanza: usiguse kitufe chochote kabla mwenye nyumba hajaonja bia. Desturi ya kwetu ni kwamba anayekaribisha hunywa funda la kwanza mbele ya wageni, ili wote waone kinywaji ni salama. Mimi nilipiga wimbo wakati mrija ungali hewani. Wageni wote waliweka mirija chini wakanitazama, na ikabidi mtungi uonjwe upya na watu wazima wanne mmoja baada ya mwingine, hadi imani ikarudi. Hao wanne ndio waliocheza vizuri kuliko wote siku hiyo, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwa hasara.

Somo la pili lilitoka Kabezi, kwenye utoaji wa mahari. Nyimbo nilikuwa nazipiga kutoka kwenye simu, kwa sababu kompyuta ilikuwa imechoka. Msemaji wa upande wa mume alikuwa amefikia pale pa kuomba binti kwa maneno mazito, nami nilikuwa nimeweka muziki laini chini ya sauti yake. Simu ikaita. Mlio ulitoka kwenye spika zote mbili, nami kwa kuhaha nikabonyeza kupokea badala ya kukata. Sauti ya shangazi ikajaa uwanja mzima. Alikuwa ametoka mara moja kwenye kiungio chake kwenda kutafuta choo kwa jirani, akapotea.

"Mwanangu, umekula?"

Msemaji wa upande wa mke, ambaye kazi yake ilikuwa kujibu kila hoja, akasimama akajibu kwa heshima kwamba bado sijala ila chakula kiko njiani.

Kwa hiyo zima kupigiwa. Ni kitufe chenye alama ya ndege. Waliosoma wanakijua.

Sifa zangu zilipanda barabara ya ziwa, zikashuka hadi Nyanza-Lac. Hata hivyo mjomba hakutikisika. Alisema hizo ni sherehe za watu wachache wasio na haraka, na kwamba mtu hupimwa kwa harusi. Ilipotokea harusi ya mtaani kwetu, nikaitwa mimi, mjomba alinifuata nyumbani kwa shangazi jioni, akakataa kiti.

"Nina mashine inayosubiri mtu," alisema. "Harusi hiyo ikifika mwisho na muziki haujazima, sitakuita tena kukamua mawese. Nitasema mbele za watu kwamba wewe ni mtu wa muziki. Ukizima kabla ya shukrani za wazazi, Jumatatu asubuhi nakuona na ndoo. Na hiyo diploma uje nayo, tutaitundika pale juu ya pipa tuone kama inakamua."

"Nimekubali," nilisema.

"Hajakubali," alisema shangazi.

"Nimekubali, shangazi."

Sasa kuhusu tarehe. Ukanda huu unaishi kwa mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika, hunyoa ndevu na huoa, na harusi zote za kando ya ziwa huwekwa siku hizo. Lakini bwana harusi huyu alikuwa mtu wa ofisini Bujumbura, na watu wa ofisini hupanga harusi kwa likizo. Waliniuliza kama ile Jumamosi inanifaa. Nilitazama kalenda kwenye simu, nikaona ni Jumamosi nzuri, nyeupe, haina kitu. Nikasema inafaa. Kambini tulihesabu siku za kugawiwa mahindi, hakuna aliyehesabu mwezi. Tarehe hiyo ilikuwa ya giza totoro, na si mimi niliyeichagua.

Tatizo lililonishughulisha lilikuwa jingine kabisa. Familia ya mume walikuwa walokole, warapatriye kama mimi, na baba yake alinijia akasema hataki kusikia chochote isipokuwa nyimbo za Mungu. Familia ya mke ilitoka Kivu miaka mingi iliyopita, na baba wa binti alinijia saa hiyohiyo, karibu wagongane mlangoni, akasema bila rumba binti haondoki. Na spika zangu mnazijua zilivyokuwa na misimamo.

Hapa ndipo elimu ilipojitokeza. Miksa yoyote, hata ya kukwama, ina kitufe cha kupeleka wimbo kushoto na kingine kulia. Kwenye harusi za kwetu familia huketi zikitazamana, upande huu na upande ule. Niliweka spika ya kanisa kushoto, mbele ya familia ya mume, na spika ya baa kulia, mbele ya familia ya mke. Kushoto nikapeleka mapambio, kulia nikapeleka rumba, kwa pamoja.

Kijana anayetaka kuniiga anisikilize hapa. Nyimbo mbili haziwezi kukaa nyumba moja kama mwendo wake haulingani. Unaweka sikio lako zima kwenye moja, unaiharakisha au kuichelewesha nyingine kidogo kidogo, mpaka ngoma ya hii inaangukia juu ya ngoma ya ile. Kazi hiyo niliifanya wiki nzima. Nilipowasha, zote mbili zilitembea kwa mguu mmoja. Walokole walipiga makofi upande wao, Wakivu walizungusha kiuno upande wao, na makofi na viuno vilikutana palepale. Waliokaa katikati, yaani maharusi wenyewe, walisikia vyote viwili, na nadhani ndoa ndivyo ilivyo.

Mzee wa kanisa alikuwa ameegesha sikio kwenye spika yake mchana kutwa. Kila nilipomtazama aliinua kidole gumba. Mama wa Uvira alikuwa kwenye yake, amevua viatu. Shangazi alikaa juu ya kigoda katikati ya uwanja akiwa amekivika kiungio kitenge, na wachezaji walimzunguka kama maji yanavyozunguka jiwe. Kapiteni alikuwa nyuma yangu, amekalia betri, sahani ya nyama magotini. Mjomba alisimama ukutani, amekunja mikono, anasubiri kimya kiingie.

Jua liliposhuka kapiteni aliweka sahani chini. Akafuta mdomo. Akatazama ziwa, kisha akasimama, na nyuma ya ua nikaona watu wake wanne wamevaa makoti ya mvua, wameshika makasia.

"Amahoro ya harusi," alisalimu mmoja wao kwa adabu. "Tumefuata betri."

"Kapiteni," nilisema, "shukrani za wazazi bado."

"Ndagala hawangoji shukrani."

"Dakika chache."

"Nilikwambia giza likirudi inarudi. Weye na diplome yako yote hukufundishwa kutazama juu?"

"Usimseme mutoto wangu mbele ya watu," alisema shangazi kutoka kwenye kigoda. "Beba betri yako, lakini ralonji inabaki hapa na miye."

"Mama, ralonji bila betri utaanikia nguo?"

Mjomba alikuwa amekunjua mikono. Nilimwona anaanza kutembea kuja kwangu, polepole, uso umetulia kama wa mtu anayekwenda kupokea mzigo wake stesheni. Watu wa kapiteni walikuwa tayari wamepitisha makasia mawili chini ya betri na kuiinua, inveta juu yake, taa yake ndogo ya kijani bado inawaka. Nyimbo zilikuwa bado zinatembea. Nilishika kichwa.

Mama wa Uvira ndiye aliyesema. "Kama betri inaenda, sisi tunabaki kufanya nini? Twende nayo."

Na harusi ikaifuata betri. Siwezi kueleza vingine. Wavuvi walitangulia na betri yao kama watu waliobeba mgonjwa. Mimi nilifuata nimening'iniza kompyuta na miksa shingoni, juu ya sinia, kwa kitambaa cha meza ya maharusi. Shangazi alitembea amebeba kiungio mikononi. Spika ya kanisa ilibebwa na kwaya, spika ya baa ilibebwa na wateja wa baa, na mzee alihakikisha njia nzima kwamba ya kushoto inabaki kushoto, hata tulipokata kona. Nyuma yetu maharusi, wazazi, wapishi na keki. Ufuo haukuwa mbali, lakini tulikwenda taratibu, kwa sababu rumba haikimbiwi.

Mjomba alitembea sambamba nami, mkono sikioni.

"Itazima," alisema.

"Haijazima, mjomba."

"Inakwaruza."

"Kukwaruza si kuzima."

Ufuoni waliweka betri ndani ya mtumbwi. Ralonji ikatoka mtumbwini, ikaja mchangani hadi kwenye vyombo vyangu. Baba wa bwana harusi alitoa shukrani zake haraka kuliko mzazi yeyote niliyewahi kumsikia, akimtazama kapiteni badala ya wakwe. Msemaji wa upande wa mke alimjibu akiwa ndani ya maji hadi magotini, kwa sababu mchangani nafasi ilikuwa imekwisha. Wavuvi walianza kusukuma. Waya ukanyooka, ukainuka. Shangazi alifunga kanga vizuri akaingia ziwani, akaunyanyua juu ya kichwa usiguse maji. Kama fundi mwenye diploma nawaambia msifanye hivyo kamwe, hata iwe harusi ya nani. Nilimpigia kelele atoke. Akasema nimalize kazi yangu.

Nilimaliza. Msemaji alipotamka neno lake la mwisho nilishusha sauti, kitufe kikakwama katikati kama kawaida, nikakisukuma kwa kidole gumba, kikapita. Nyimbo zote mbili ziliisha pamoja. Nikashika maikrofoni, nikawaaga wageni kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, nikawakumbusha bia baridi iko wapi, nikazima mwenyewe kwa mkono wangu. Ndipo nikachomoa waya. Mtumbwi ulielea, ukaondoka.

Mjomba alisimama muda mrefu akitazama taa ya kijani ikipungua juu ya maji.

"Haukuzima," alisema.

"Haukuzima."

"Umeenda kuvua," alisema, akageuka akapanda kwenda kwake. Jumatatu, mbele ya mashine, aliwaambia wale waliokuwa wakicheka kwamba mimi ni mtu wa muziki. Alisema mara moja tu, kwa sauti ndogo, mashine ikiwa inazunguka. Lakini alisema.

Baada ya hapo kazi haikukosekana. Nilizunguka na wenye vyombo wangu wanne mwambao mzima, nao walikuwa wanavaa vizuri zaidi kila wiki. Mzee wa kanisa alinunua tai. Kapiteni alishonewa mto wa kuweka juu ya betri. Nilipopata vyombo vyangu, spika mbili zisizo na dini wala baa, betri yangu na waya wangu, niliamua kurudisha vya watu vyote siku moja, hadharani, ili pasiwe na mtu wa kusema nimesimama kwa miguu ya wengine.

Shangazi alinionya kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiazima ungo, unaurudisha na maharage kidogo. Nilifikiri sana jinsi ya kutorudisha ralonji tupu, mwisho nikaizungushia boga kubwa. Betri niliirudisha imejaa chaji hadi juu. Juu ya spika ya kanisa niliweka mfuko wa sukari, na juu ya ile ya baa nikaweka samaki wetu wa ziwani, mukeke, wa kukaanga, maana kumpelekea mwenye baa bia ni kumtukana.

Wote wanne walikuja uani kwa shangazi. Nilitoa hotuba. Nilieleza nilikotoka, nikataja diploma, nikawashukuru. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee wa kanisa aliinua mfuko wa sukari, akautazama chini yake.

"Spika haikuwa na haraka," alisema.

"Mzee, kitu cha mtu lazima kirudi."

"Nani amelalamika? Weye umesikia nikilalamika?"

"Jumamosi iko harusi Nyanza-Lac," alisema mama wa Uvira. "Nilishashona nguo."

Kapiteni aliiweka betri yake chini, akaweka mto juu yake, akaikalia. Shangazi alilibeba boga jikoni, akarudi na ralonji begani, akaketi. Hakuna aliyeonyesha dalili ya kwenda. Niliwaeleza tena, polepole, kwamba deni limekwisha, mimi sasa nasimama mwenyewe. Walitikisa vichwa, wakaomba maji ya kunywa.

Geti likafunguka, akaingia mjomba. Alikuwa amevaa koti, na mkononi alikuwa na mwavuli mkubwa mweusi ambao sijawahi kumwona nao. Alisalimu wote, akanigeukia.

"Nimefikiri juu ya vyombo vyako vipya," alisema. "Mvua ikija utavifunika na nini? Nakuazima huu."

Nilimwambia kwamba tangu leo siazimi tena kitu cha mtu.

"Sawa," alisema mjomba. Akavuta kiti, akaketi kati ya kapiteni na mzee wa kanisa, mwavuli magotini. "Basi nitakuja kuushika mwenyewe."